Adhabu ya Kupanga Vitabu

Mwalimu wa nidhamu, ninayekaa naye ofisi moja, ana sauti ya kupasua dari na vidole vya chaki visivyoacha kugonga meza. Muhula mzima amemwandama binti mmoja mgeni. Kila mapumziko anafoka, "Wewe, ofisini! Panga vitabu!" Mimi nikaona anamwonea mtoto wa watu. Jana jioni wasichana wakubwa wanaompiga binti huyo, ambao kwa woga hajawahi kuwataja, walikuwa wakimvizia getini. Mwalimu akachungulia dirishani, akanguruma, "Wewe! Adhabu haijaisha!" Binti akarudi mbio, anatabasamu. Kwenye rafu kila kitabu kilikuwa mahali pake. Mwalimu akaviangusha vyote, akamsogezea kikombe cha chai.

"Anza upya," akamwambia, safari hii kwa kunong'ona. "Ukimaliza nakusindikiza hadi kwenu."