Mashine Iliyozinduka Upesi Mno

Pale hospitalini walimwita Mama Hakika, maana hakuamini jambo mpaka alione kwa macho yake. Mumewe akifunga mlango, yeye hurudi kuutikisa. Kazi yake ilikuwa kuziangalia kompyuta zilizotunza habari za wagonjwa. Kila jengo lilikuwa na yake, na zote zilipashana habari, ili moja ikizimika nyingine ziipokee kazi.

Zamani, iliyozimika ilichukua muda kurudi kazini. Ghafla zikaanza kurudi kufumba na kufumbua. Mkurugenzi akawasifu mafundi wa kompyuta mbele ya watu. Mama Hakika hakupiga makofi. Alimtupia jicho fundi mwenzake, mwanamume mpole wa meza ya pili, ambaye siku hizo alikuwa hamtazami usoni.

"Yule ananificha kitu," alimwambia mumewe.

"Mke wangu, wewe hata kivuli chako unakishuku."

Asubuhi moja kompyuta ya jengo la watoto ilizimika. Fundi akaiwasha, nayo papo hapo ikajitangaza iko tayari. Wenzake wakarudia chai yao. Mama Hakika roho ikakataa, akashuka wodini mbio. Akamkuta muuguzi ameinua sindano.

"Dada, ngoja! Mtoto huyu hajachomwa?"

"Kompyuta inasema bado."

Mama wa mtoto akadakia, "Amechomwa sasa hivi! Na yule aliyemaliza zamu!"

Muuguzi akaishusha sindano. Dawa ile iliandikwa kwenye kompyuta nyingine wakati mashine ya jengo hilo imezimika. Nyingine zilijua, lakini iliyozinduka ilirudi kazini bila kuziuliza imepitwa na nini.

Mama Hakika akapanda ngazi akiwaka hasira. "Umefanya nini wewe?"

"Mkurugenzi ndiye aliyeagiza nizifupishie njia, zirudi haraka," fundi akajibu taratibu. "Nilikuja kukwambia. Ukasema huna muda wa hila zangu."

Mama Hakika akakumbuka. Alimfukuza hata hajamaliza sentensi.

Wakairudisha ile hatua iliyorukwa: mashine ikizinduka, isome kwanza yote yaliyoipita. Mkurugenzi akanung'unika kwamba wamerudi kwenye ukonokono, mpaka walipompeleka wodini akasimuliwa na mama wa mtoto mwenyewe. Tangu hapo hakuligusa tena suala hilo.

Mama Hakika alimwomba fundi radhi mbele ya wenzao. Akaipokea. Ila saa ya chai fundi alichukua kikombe chake, akaenda kunywea dirishani peke yake.