Kitabu Asichokiachia

Jirani yangu mzungu hapa Dayton, Marekani, hukusanya vijitabu vya nyimbo vya karne ya kumi na tisa, enzi zile wazungu walipojipaka masizi usoni wakituigiza sisi weusi ili watu wacheke. Akipata kipya, huja kuniita. Hukisimamisha mezani kwa mgongo wake, kisha huondoa vidole taratibu, na kitabu hujifungua chenyewe penye wimbo ulioimbwa sana kuliko zote. Mara nyingi huwa ndio wenye matusi kupita zote, na pembeni pamejaa alama za madole gumba. “Samahani, Bi Odessa,” husema kila mara, kana kwamba kautunga yeye.

Jumanne nilimkuta amekibana kijitabu kimoja kwa viganja viwili, jasho limemtoka.

“Mbona hukiachii?”

“Kilikuwa cha bibi yangu. Ndiye aliyenilea.”

“Kiache tu, jirani. Tumeshaona vingi mimi na wewe.”

“Alinibembeleza kwa wimbo mmoja tu. Maneno nimeyasahau, sauti ninayo.” Akauimba kwa pua, polepole, macho kayafumba.

Niliutambua, na matusi yake yote. Nikaiinamia kahawa yangu ili asinione uso.