Mbaazi Zilizokataa Kuiva

Mama mdogo alikuja kwetu Kisarawe akitokea Magindu, na sanduku la bati, jogoo mmoja na mfuko wa karanga. Baba alimwoa mwaka mmoja baada ya mama yangu kufariki. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mtoto pekee, na nilikwisha kata shauri kwamba sitampenda.

Ulikuwa mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani ilibaki porini, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu, pamoja na minazi saba aliyoipanda babu, na kaburi la mama. Kijijini tulipewa kiwanja cheupe, hakina hata mti wa kuanikia kanga. Tulikula ugali au mihogo, na mboga ilikuwa mbaazi, leo mbaazi, kesho mbaazi.

Mama mdogo aliziunga kwa karanga, kama walivyozoea kwao ambako minazi ni haba. Nilionja tonge moja, nikasogeza sahani. Baba aliponikaripia nikasema mama hakuwa akipika hivyo. Baba akanawa mikono, akatoka nje na chakula chake hakijaisha.

Kesho yake baba alipokwenda shamba la kijiji, mama mdogo aliniita jikoni. Mbaazi alikuwa ameziloweka tangu jana, na moto umeshika.

"Njoo unifundishe alivyokuwa akizipika mama yako," akaniambia.

Sikujua. Chakula cha mama nilikuwa nakila tu, kumwangalia akipika sikuwahi. Lakini nisingekubali kusema sijui mbele yake. Nikamwambia mama alikuwa akitia chumvi na ndimu mwanzoni kabisa, mara tu chungu kinapoinjikwa. Mama mdogo alinitazama, akauweka mwiko chini. Kisha akauliza ndimu ngapi. Nikasema tatu.

Akazikamua zote tatu.

Anayepika mbaazi anajua kwamba ukiziwahi kwa chumvi na ndimu zinagoma. Mimi sikulijua hilo. Tulizichochea tangu adhuhuri. Kuni zikaisha, akaenda kuomba kwa jirani, akarudi na mzigo kichwani, akachochea tena. Jua likaelekea kuzama na mbaazi bado zinagonga upawa kama kokoto. Baba aliporudi alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna, akamtazama mkewe.

"Nimewahi mno kutia chumvi," mama mdogo akamwambia. "Kosa langu."

Nilikuwa namsubiri anigeuzie macho, niwe tayari kumkazia yangu. Hakunigeuzia. Alikula sahani yake polepole mpaka ikaisha, na mimi kwa aibu ambayo sikuielewa vizuri nikala yangu, taya zikiniuma.

Juma lililofuata aliniomba nimpeleke kwenye minazi yetu. Tulipofika hakwenda kwenye minazi. Aliniuliza mama yangu amelala wapi. Nikamwonyesha. Nyasi zilikuwa zimepanda hata mawe ya kaburi hayaonekani. Akatua kikapu, akakaza kanga kiunoni, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Aling'oa yote mpaka udongo ukaonekana, akayapanga upya mawe yaliyoanguka, kisha akainua viganja akasoma Fatiha. Mimi nilikuwa nimesimama tu muda wote huo.

"Mimi sijui mama alivyokuwa akizipika," nikasema. "Nilikudanganya."

"Nilijua, mwanangu." Akapangusa mikono. "Lakini ulikuwa umeanza kumtaja mama yako. Nikaona nikikukatiza hutamtaja tena."

Nililia pale. Akaketi chini pamoja nami, akanifuta kwa ncha ya kanga yake, wala hakuniharakisha.

Tulirudi na nazi tano. Ikaonekana kwamba kukuna nazi hajui. Alikaa upande juu ya mbuzi na kujichuna kidole mara ya kwanza tu. Nikampokea nikakuna mimi. Akakamua tui, jepesi akalitia kwanza mbaazi zilipokwisha iva, zito akalitia mwisho huku akikoroga bila kuacha lisije likakatika. Hilo alikuwa ameulizia kwa jirani.

Hazikuwa kama za mama. Zilikuwa nzito zaidi, na bizari ilizidi. Nilikula nikamaliza, nikamwambia, "Mama, niongeze mchuzi."

Baba aliinamisha uso kwenye sahani yake. Mama akaniongeza, upawa mmoja, halafu wa pili, mpaka ugali ukaanza kuelea.

Nilikaa naye mpaka nilipoolewa Maili Moja. Hakujaliwa kuzaa. Watu walipomuuliza ana watoto wangapi alikuwa akijibu, mmoja, na kuendelea na kazi yake.