Ndoo Niliyoipeleka Kigali

Niliondoka Geita kwa hasira. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamelipindua shamba la marehemu baba, wakafukia mashimo ovyo na kuhama, na tangu hapo hata mahindi ya kuchoma hatukupata. Kaka yangu Masalu akampata mnunuzi anayetaka kufyatua matofali pale. Nikamsihi asiuze kwanza, niende Kigali nirudi, maana nilisikia huko ardhi ya migodi inaponywa kwa vijidudu. Alicheka mpaka akakohoa.

Rusumo, mpakani, askari wa Rwanda walininyang'anya mfuko wa nailoni niliotilia vitumbua, maana ni marufuku, nikavivusha mkononi kama mwendawazimu. Ndoo yangu ya kubebea hao vijidudu waliiacha.

Biryogo, mtaa wa Kigali, nilifika jioni. Hajati Mwajuma, fundi cherehani aliyewahi kuwa jirani yetu Geita, alinipa chapati na chai ya maziwa.

"Na hii ndoo iko ya nini?"

Nilipomweleza alinisogezea chapati nyingine. "Kula kwanza, mwanangu," akasema.

Asubuhi tulipanda basi, kisha pikipiki, hadi kilima kilichowahi kuchimbwa madini ya bati nje ya mji. Espérance, msimamizi wa kitalu cha miche, alitupokea. Upande mmoja kilima kilikuwa chekundu, kimechanwa na mvua. Upande wa pili maharage yalitambaa kati ya miti michanga. Machozi yalinitoka, wala sikujali nani ananiona.

Espérance aling'oa mharage mmoja, akapasua vinundu vya mizizini. Ndani vilikuwa vya waridi. Humo, alisema, wanakaa bakteria wanaolisha mmea, na udongoni kuna kuvu wasioonekana kwa macho, wanaoifikishia mizizi maji.

Nikamnyooshea ndoo. "Nijazie, dada."

"Oya," akatikisa kichwa. "Udongo haipite mpaka. Na hii imezoea hapa, kwenu inaweza kufa. Sisi tulichukua kwa msitu ya hapo juu, hakuna mtu alichimba. Tukaweka kwa makopo, tukapanda mtama ndani, vijidudu vikazaana kwa mizizi, ndiyo tukapatia miche. Kwenu hakuna mahali hawakuchimba?"

Nikalipitia shamba lote kichwani, kona kwa kona. Palikuwa na mahali pamoja tu.

"Makaburini," nikasema. "Alipolala baba."

Espérance akainamisha uso. "Basi uliza familia kwanza. Ni kidogo tu, ya juu, pembeni."

Njia nzima ya kurudi Biryogo Hajati alinishika mkono.

Geita nilimkuta Masalu akipiga pasi shati la kwendea kwa mnunuzi. Nilimweleza yote, nikijiandaa kutukanwa. Hakucheka. Alitoka, akasimama makaburini muda mrefu, nyasi zikimfika magotini. Nilikuwa nimezipita nyasi zile miaka yote nikilia kwamba ardhi yetu imekufa. Ilibidi nivuke mpaka ndipo nijifunze kuuliza nyumbani kumebaki nini kizima.

Masalu akapiga magoti. "Baba," akasema, "tuazime kidogo."

Leo mtama uko kwenye makopo nyuma ya nyumba, na Masalu hataki mtu mwingine aumwagilie.