Bamama wa Kanisa na Shamba Yangu ya Soya

Leo balinisaidia mpaka nikataka kulia!

Mwaka jana niliacha kipande kimoja cha shamba bila kulima matuta. Mabua ya mahindi nililaza juu kufunika udongo, tushimo tudogo twa mbegu chini yake, mavi ya mbuzi mu kila kashimo. Soya ya pale ilibeba kupita ile ya matuta.

Bon, mwaka huu nikafanya vile shamba yote. Wiki tatu na jembe nachimba tushimo, peke yangu!

Asubuhi nikaenda Nchelenge kununua mbegu. Kurudi, nasikia nyimbo ku shamba yangu.

Bamama wa kanisa!

Mabua yote balichoma. Tushimo twote balifukia. Ni matuta tu, mustari kwa mustari.

Mama mukwe wangu, alikuwa kati yabo, akacheka na furaha: «Batu balikuwa banasema muke wa mutoto wangu ni muvivu. Sasa shamba iko safi!»

Jasho ilikuwa inabatoka. Nikabapikia bukari, ile ugali yetu, na samaki. Bakaomba, nikajibu amina, meno yamekazana.

Halafu nikaona Mama Chanda, ule mujane jirani yangu, ananiangalia tu.

Mwaka wa juzi siye bamama wa kanisa tulienda kumuchomea mabua yake bila kumuuliza. Mimi njo nilikuwa mbele na jembe.

Alitupikia pia. Alisema amina.