Mguu wa Shosho

Nilipotoka hospitali baada ya kufanyiwa upasuaji wa henia, daktari alinionya nisibebe kitu chochote kizito kuliko kikombe cha chai. Mke wangu alicheka njia nzima hadi nyumbani. Mimi sikucheka. Mvua ilikuwa imeanza, majani yalikuwa yanachipuka kwa fujo, na shamba letu, hapo karibu na Mogogosiek, lilikuwa linaelekea kupita kimo cha kuchumwa. Yeye peke yake asingeliweza.

Jumamosi iliyofuata, kikundi cha maombi cha kanisa letu kilikuja chote kutuchumia. Hakuna aliyekuwa amewaita. Niliamka nikasikia vicheko kati ya mistari ya chai, nikatoka nje na blanketi mabegani, wakaniwekea kiti kwenye veranda na kikombe cha uji, nikae niwatazame. Wa mwisho kufika alikuwa shosho wa samaki.

Tulimwita shosho, yaani nyanya, sote, hata sisi wenye mvi. Alikuwa ametoka Nyeri na mumewe miaka mingi iliyopita, wakafungua duka la nafaka sokoni. Mume alipofariki, yeye hakurudi kwao. Biashara ya nafaka ilipozorota aliweka karai mbele ya mlango wa duka, akaanza kukaanga samaki wanaoletwa na pikapu kutoka Sondu. Watu walimwambia amepotea, hapa ni kwa Wakipsigis, watu wa maziwa na nyama. Baba yangu mwenyewe aliwaita samaki nyoka wa majini, na alikufa bila kuwaonja. Lakini madereva wa malori ya chai walikula, kisha walimu wakala, kisha sisi wengine tukala kwa kujificha, mpaka ikawa siku ya soko usipopata kipande mapema unarudi nyumbani na harufu tu.

Shosho hakuwa na hata mche mmoja wa chai. Alichuma polepole, akivunja hadi vijiti, na wanawake wakawa wanamrekebisha: "Majani mawili na kichipukizi, shosho. Hayo mengine yaache." Kikapu chake kilipojaa alikataa kupokewa. Alikiweka mgongoni kama alivyoona wengine wakifanya, akaanza kupanda njia ya katikati, ile inayopita chini ya veranda yetu.

Aproni ya plastiki ya kuchumia, aliyoazimwa, ilikuwa imemfika vifundoni. Nilipomwona hivyo nikashindwa kunyamaza.

"Shosho!" nikapaza sauti. "Leo umekuwa Mkipsigis kamili! Imebaki tukutafutie mume tu!"

Shamba zima likaangua kicheko. Yeye akageuka ili anijibu. Niliona mdomo wake ukifunguka, macho yakicheka tayari, kisha mguu ukateleza kwenye udongo mwekundu, akaanguka ubavu na kikapu kikamlalia. Nilisikia sauti aliyoitoa. Nilisimama, na mke wangu akanipigia kelele kutoka kule chini: "Kaa! Nyuzi zitafumuka!"

Nikakaa. Watu wote wakakimbia, wazee kwa vijana, na mimi nilikaa kwenye kiti na uji wangu.

Alikuwa amevunjika mfupa wa paja, karibu na nyonga. Walimpeleka hospitali kwa gari la jirani, wakamfanyia upasuaji, na aliporudi alilazwa kwenye chumba cha nyuma cha duka lake. Binti yake akaja kutoka Nyeri kumtunza.

Nilimwambia kila mtu kwamba mimi ndiye niliyemfanya aanguke. Mchungaji akaniambia nisijitese, ajali ni ajali. Mke wangu akasema njia ile ina utelezi tangu tuliponunua shamba. Wanawake wa kikundi waliniletea mayai na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ili nipone haraka, na nilipoanza kueleza habari ya ule mzaha wakanikatiza: "Pole baba, kula kwanza." Sikuwa nimetegemea kwamba kusamehewa na watu wasiohusika kungeniuma hivyo. Usiku nilikuwa nalala vizuri, aibu iliyoje, na asubuhi nikiona kile kiti kwenye veranda moyo unashuka.

Siku ya soko pikapu ya Sondu ilikuja ikapiga honi mbele ya duka la shosho. Karai lilikuwa limefunikwa gunia. Dereva akangoja, akauliza, akaondoka na samaki wake. Mke wangu alikuwa sokoni siku hiyo, akaja kunisimulia. Nikaanza tena maneno yangu ya kujilaumu. Alikuwa amechoka nayo.

"Kama inakuuma hivyo," akasema, "si uende ukaange?"

Alikuwa ananikejeli tu. Lakini kugeuza samaki si kubeba mzigo. Siku ya soko iliyofuata nilikwenda.

Sikuwa nimewahi kushika samaki mbichi. Binti wa shosho alinionyesha jinsi ya kuparua magamba, akaenda kumwosha mama yake, akaniacha na karai. Watu walikusanyika kuona mzee wa kanisa akikaanga nyoka wa majini. Samaki wa kwanza wakagandamana, wakavunjika vichwa. Kutoka chumba cha nyuma, kupitia pazia, sauti ikaja:

"Hayo mafuta hayajachemka! Nasikia kwa masikio! Toa huyo samaki!"

Nikamtoa. Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba angalau nimechekwa.

Niliendelea kwenda kila siku ya soko. Nilikaanga, nikauza, nikampa binti kila kilichopatikana, lakini sikuwa nimeingia kule nyuma ya pazia zaidi ya kusalimu mlangoni. Siku moja binti alikwenda duka la dawa, na shosho akaniita.

Alikuwa ameketi kitandani, mto chini ya goti. Alikuwa amekonda. Nikaketi kwenye debe la mafuta lililogeuzwa.

"Kila mtu ananiambia wewe unajilaumu," akasema.

"Ni kweli, shosho."

"Na wao wanakuambia nini?"

"Wananiambia si mimi. Ni utelezi."

Akanitazama usoni. "Utelezi ulikuwa huko tangu asubuhi. Nilikuwa nimepita mara mbili sijaanguka. Ni wewe uliniita, nikageuka. Ni wewe."

Machozi yalinitoka, mimi mtu mzima, na ninachokumbuka ni jinsi kifua kilivyolegea. Ni yeye tu aliyekuwa amenisikia.

"Pole, shosho," nikasema. "Nisamehe."

"Nimesikia," akajibu. Hakusema amenisamehe. Kisha akasema, "Angalia karai, kitu kinaungua."

Kilikuwa kinaungua kweli.

Binti yake alitaka kumchukua hadi Nyeri. Alikataa, akasema huko hana mtu wa kugombeza. Sasa anatembea kwa mkongojo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwingine, na hawezi kusimama muda mrefu. Anakaa kwenye kiti kando ya jiko, anapokea wateja, mimi nakaanga. Mimi nilipona kitambo. Daktari aliniruhusu kubeba ninachotaka, na chai yetu tunachuma wenyewe, lakini siku za soko mke wangu hanitafuti shambani. Watoto wa shule wananiita baba samaki. Madereva wa malori wananigombania kwa utani. Sijawahi kuwa na mahali pa kukaa na watu namna hiyo. Miaka yote nilikuwa mtu wa shamba, kituo cha kupimia majani na kanisa, basi.

Na hapo ndipo dhamiri inaponibana siku hizi. Wiki jana nilikuwa naparua samaki mkubwa aina ya ngege, jua limetoka, na nikajikuta ninapiga mluzi. Nikainua macho. Shosho alikuwa anajaribu kupanda kizingiti cha duka, kile kidogo ambacho mtoto angekiruka, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anautafutia mguu wake mahali. Nikanyamaza, nikaweka kisu chini, nikaenda kumpa mkono.

"Mbona umeacha?" akaniuliza alipokwisha kupanda. "Ilikuwa inapendeza."

Nikamwambia nimesahau wimbo. Nikarudi kwa samaki.