Shingo Zilizopakwa Mawese

Wamama, asanteni kwa kuja. Waacheni watoto wakae hapa mbele, wasikie na wao. Juzi mumoja wenu aliniuliza sababu gani ninafundisha watoto wadogo hivi kupapasa shingo zao na kutaja kila kiungo cha mwili, kana kwamba hawana kitu kingine cha kujifunza. Nilikuwa na hasira, sikujibu. Leo nitajibu, na sitazunguka.

Jina langu ni Mwamini. Nilizaliwa upande wa Wamaza, kule Kabambare. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mama na mimi. Ndugu zangu wote walikufa wachanga. Tulilima muhogo na mupunga wetu, na juu ya hiyo pamba ya Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, maana ilitaka pamba kwa kila nyumba, upende usipende. Mimi nilikuwa mutoto wa mbio na wa mudomo. Shangazi yangu alikuwa anasema atakayenioa atalipwa yeye mahari. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji mutoni. Pale chini ya miti kulikuwa mainzi makubwa yanayouma hata juu ya nguo. Tuliyapiga makofi, tukacheka, tukabeba mitungi yetu.

Ugonjwa unaoletwa na mainzi yale ulianza na homa ya kwenda na kurudi. Mama alinichemshia majani machungu, homa ikapoa, kisha ikarudi. Kichwa kikaanza kuuma. Mwili ukawasha, nikajikuna hadi damu. Asubuhi uso wangu ulikuwa umevimba. Na nyuma ya shingo, chini ya nywele, zikatokea tezi ndogo kama maharage. Ukizigusa zinateleza, hazina maumivu.

Mama aliziona, akajua. Wote tulijua ni dalili ya ugonjwa wa usingizi. Mara kwa mara muganga muzungu alipita kijijini na mainfirmye wake, wauguzi weusi wenzetu waliofundishwa kazi hiyo. Tulipangwa musitari, infirmye akapapasa shingo ya kila mutu. Akikuta tezi, aliitoboa kwa sindano, akatoa maji yake na kutafuta vidudu kwa darubini. Ukiwa navyo, unapelekwa lazareti, kwenye nyumba za wagonjwa karibu na Kasongo.

Watu wetu waliogopa lazareti kuliko ugonjwa wenyewe. Jirani yetu mumoja alienda huko anaona, akarudi anashikwa mukono, maana dawa ya wakati ule iliweza kuua macho. Kwa hiyo wamama walikuwa na ujanja wao. Siku tatu kabla ya ukaguzi walipasha moto mafuta ya mawese, wakakanda shingo za watoto asubuhi na jioni kwa nguvu. Tezi haziondoki kwa kukandwa. Ngozi inavimba tu, inalainika, na vidole vya infirmye vinateleza. Tulifundishwa pia kuinua mabega na kukaza shingo. Hayo ndiyo masomo ya kwanza ya mwili niliyopewa: jinsi ya kuuficha.

Mama alinikanda hivyo, na siku ya ukaguzi nikapita. Infirmye alinigusa mara moja, akaniambia niende. Mama alifurahi, akachinja kuku.

Baada ya hapo nikaharibika. Muchana nililala shambani juu ya jembe. Nililala na ugali ndani ya mudomo, mama akanitolea kwa kidole. Usiku macho yalikuwa makavu, usingizi hauji. Nikigonga muguu kwenye jiwe, maumivu yalingoja kidogo, kisha yakaja makali mupaka nikalia. Mikono ilitetemeka. Nilijikojolea, mimi musichana mukubwa. Siku moja nilimuuma mama kwenye bega, na sikujua sababu. Siku nyingine nililala karibu na jiko, nikaungua mukono huu. Alama yake ni hii, angalieni.

Baba alisema, "Tumupeleke lazareti."

Mama alisema, "Umupeleke arudi bila macho? Nimezika wanne, baba Mwamini. Huyu siwapi."

Baba akachukua jembe lake, akatoka. Kwa majirani mama alisema mimi ni muvivu tu.

Ukaguzi mwingine ukafika. Mama akanikanda tena siku tatu. Musitarini alinishika kwa nyuma nisianguke. Infirmye akapitisha vidole shingoni kwangu, akasema, "Anaweza kwenda." Pale niliogopa, na woga ule ninaukumbuka hadi leo. Nilijua nikienda nyumbani nitakufa. Sikuwa na nguvu za maneno mengi. Nikashika mukono wake, nikaurudisha nyuma ya shingo, nikaukandamiza.

"Hapa," nikasema. "Iko hapa. Mama anapaka mafuta."

Infirmye akanusa vidole vyake. Akachukua kitambaa, akanipangusa shingo mupaka ikakauka, akapapasa tena polepole. Nilisikia mama anapumua nyuma yangu. Nilipogeuka, mama alinitazama kama mutu aliyeuzwa na mutoto wake.

Infirmye hakugomba. Alimuambia, "Mama, ungengoja mavuno mengine, ungemuzika."

Baba alinibeba mugongoni, mama akafuata na sufuria na mukeka. Lazareti walinikunja magoti hadi kidevuni, wanaume wawili wakanishika, na muganga akanichoma sindano kwenye uti wa mugongo, hapa chini, akatoa maji. Inauma, sitawadanganya. Akasema vidudu vimeshafika kichwani, na kwamba hata hivyo atajaribu.

Kila juma nilichomwa dawa kwenye mushipa wa mukono. Nilitapika. Kila mara infirmye aliinua vidole na kuuliza ninaona vingapi. Siku moja nilipoamka niliona kama moshi kwenye jicho la kushoto. Mugonjwa mwenzangu akaninong'oneza, "Usiseme, watakukatisha dawa." Nikamuambia infirmye palepale. Walisimamisha sindano, wakangoja, wakaanza tena kidogokidogo. Jicho hili lina ukungu mupaka leo, lakini ninawaona wote, hata wewe unayesinzia pale nyuma. Usingizi wa muchana ukapungua. Nikaanza kula peke yangu. Siku niliyomujibu mama vibaya, baba, aliyekuja kututembelea, alicheka, akasema, "Sasa amepona."

Mama alikaa nami wakati wote huo, akipika na kunifulia. Hakusema neno juu ya mambo ya musitari. Asubuhi moja aliniomba nimusuke nywele. Nikagawanya nywele za nyuma, na vidole vyangu vikakuta tezi: tatu, chini ya ngozi, zinateleza.

"Mama," nikasema, "na wewe unazo."

"Suka."

"Mama, unazo."

Akasema kwa sauti ndogo, "Nikipofuka, nani atakupikia?"

"Mimi nitakupikia wewe," nikasema.

Alilia. Sikuwa nimewahi kumuona akilia, hata kwenye misiba. Kisha akasimama, nywele nusu zimesukwa na nusu zimetimka, akaenda mwenyewe kwa infirmye. Walimukuta na vidudu kwenye tezi, lakini maji ya mugongo yalikuwa safi. Alikuwa amewahi. Alichomwa dawa nyingine, ya wale ambao vidudu havijafika kichwani, isiyogusa macho, akapona haraka kuliko mimi.

Namushukuru Mungu. Nawashukuru baba, muganga, na infirmye yule aliyejali kunusa vidole. Na ninyi wamama, sikilizeni. Mutoto akisema anaumwa, hata kama ni sehemu munayoona haya kuitaja, musimuambie anyamaze. Mufundisheni majina ya mwili wake wote. Mutoto hawezi kuwaonyesha alichofundishwa kuficha. Na ninyi watoto, ukiona damu kwenye choo, tezi, kidonda, au mwili unawasha, sema. Mama akikasirika, sema tena.

Mama yangu yuko hai, analima Wamaza. Hajaniomba musamaha, na mimi sikuungoja. Lakini kila ukaguzi ukifika kule, anakusanya watoto wa majirani, anawaosha shingo kwa maji na sabuni, anawapeleka yeye mwenyewe. Akifika mbele ya infirmye anainamisha kichwa, anainua nywele zake nyeupe kwa mukono, na kumuambia, "Anza na mimi, watoto waone."